Kipaji Huanza kwa Kuchafua Nyumba

Haya ni maneno niliyowaambia wazazi wenzangu siku ya maonyesho ya kazi za watoto, katika shule ya msingi mojawapo hapa Mwananyamala, Dar es Salaam. Nimeyaandika upya kwa sababu baadhi yao waliyaomba. Vicheko na makofi nimevibakisha pale tu vinapoeleza jambo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wajumbe wa kamati ya shule, wazazi na walezi wenzangu: asalamu aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu mliokaa kule chini ya mwarobaini, shikamooni. Na ninyi watoto mliotuita hapa leo, hoyee!

Mwalimu aliponijia kibandani alisema anataka nizungumze juu ya kukuza kipaji cha mtoto nyumbani. Nikamwambia, mwalimu, mimi si mtaalamu wa watoto, mimi nashona. Akanijibu, "Ndiyo maana tunakutaka wewe." Kwa hiyo mnivumilie, mtasikia habari za cherehani kuliko mlivyotarajia.

Naanza na uharibifu, maana ndiko mambo haya yanakoanzia. Kipaji kikiingia ndani ya nyumba hakibishi hodi. Unachokiona kwanza ni hasara. Chaki yako ya kukatia nguo imekwisha na hujakata nguo. Betri za rimoti hazipo. Unatafuta ndala za kuogea, unaikuta moja ina matundu manne ya duara, yametolewa kwa ustadi kabisa. (Kicheko.) Naona wengi mnacheka kwa uchungu. Zile duara nne ni matairi, wazazi wenzangu. Gari lipo mahali fulani, ila wewe hujalitafuta, umetafuta fimbo.

Shoga yangu mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, aliwahi kuniambia, "Mwanangu yule hana kipaji chochote, kazi yake kuharibu tu." Nikamuuliza anaharibu nini. Akahesabu: mwavuli umetolewa vyuma, ndoo imekatwa mdomo, redio ya babu imefunguliwa tumboni. Nikamuuliza tena, vile vyuma vya mwavuli anavipeleka wapi? Hakuwa anajua. Basi swali hilo nawaachia na ninyi, kwa sababu naona linatenganisha watoto wa aina mbili. Mtoto anayevunja kwa hasira tu, vipande utavikuta palepale alipovunjia. Mtoto anayetengeneza, vipande havionekani. Vimehama. Viko uvunguni, viko nyuma ya bafu, viko kwa rafiki yake nyumba ya tatu, na vimeshakuwa kitu kingine.

Kwangu vilihamia kwenye mwendokasi.

Mnayajua yale mabasi marefu yenye kiungo katikati, kile cheusi kinachojikunja basi likikata kona. Yalipoanza kupita Barabara ya Morogoro mwaka 2016, Kimara mpaka Kivukoni, watoto wa mji huu walipata kitu kipya cha kuigiza bila mtu kuwanunulia chochote. Huku kwetu ukikatiza uchochoro unakuta basi la boksi linavutwa kwa kamba, na konda wake yuko nyuma anapiga kelele, ingawa mwendokasi halina konda wa kupiga kelele. Kijana wangu wa kwanza, ambaye sasa akisimama namtazama kwa kuinua shingo, alikuwa bado mdogo. Mabasi ya wenzake yalikuwa maboksi mawili yaliyofungwa kwa kamba. La kwake lilikata kona na kiungo kikajikunja kweli.

Nikalishika, nikaligeuza. Pale katikati alikuwa ameshona kitambaa cheusi kilichokunjwa marinda. Marinda ya haki, mkunjo juu ya mkunjo, nafasi zinalingana, yamepigwa uzi pembeni yasifumuke. Mafundi mliopo hapa mnajua kazi ya marinda, kuna wanafunzi wa cherehani wanakaa mwaka mzima na bado yanawapanda. Mimi sikuwa nimemfundisha mtoto yule marinda. Hata sindano sikuwa nimempa mkononi. Ila kila mwaka kuanzia Desemba mpaka shule zifunguliwe Januari, hapa kwangu hakuna mshono mwingine isipokuwa sketi za shule, na sketi za shule ni marinda asubuhi, marinda mchana, marinda usiku. Na yeye alikuwa anakaa chini ya meza anacheza na vibobini. Jirani walipoliona basi lile wakasema, "Ameirithi damu ya mama yake." Damu inaweza kuwa na sehemu yake, sibishi. Mimi najua tu kwamba alikuwa chini ya meza.

Hapo ndipo ninapoweka mguu wangu leo. Mtoto hukua kisanaa akiwa pembeni ya mtu anayefanya kazi kwa mikono yake, mtu ambaye hamfukuzi. Mengine yote, masomo ya ziada, vifaa vya bei mbaya, mashindano, ni nyongeza. Nzuri, lakini nyongeza.

Ushahidi upo hapahapa mjini, pandeni daladala la Masaki mkauone. Edward Said Tingatinga alitoka Tunduru, akapita mashamba ya mkonge kule Tanga, akaja Dar es Salaam kufanya kazi za majumbani kwa Wazungu. Mnamo 1968 akaanza kuchora kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi ya mafuta, ile inayong'aa wanayopaka baiskeli. Picha zikawa zinauzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay. Shule ya sanaa hakuiona. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi, walimdhania mhalifu, akafa. Hesabuni wenyewe: tangu ashike brashi mpaka azikwe ni kama miaka minne. Mtu wa miaka minne ya kazi, leo jina lake limekuwa jina la uchoraji mzima, Mjapani anakuja anasema "nataka Tingatinga" kama anavyosema nataka kahawa.

Iliwezekanaje? Aliwaita ndugu na jamaa zake vijana, akina Simon Mpata, January Linda, Ajaba Abdallah, wakakaa naye. Wakatazama, wakasaidia, wakashika brashi, kila mmoja akatoka na mnyama wake. Alipoondoka ghafla, mikono ilikuwapo. Angekuwa mtu wa kujifungia chumbani na kusema "msinisumbue nafanya kazi", tungezika na ufundi wenyewe. Na Bagamoyo ni hivyohivyo: Mzee Hukwe Zawose, Mgogo wa zeze na ilimba, alifariki mwaka 2003, lakini wanawe na wajukuu wake wanapiga na kuimba mpaka leo, kwa sababu walizaliwa katikati ya ngoma. Hata Mzee George Lilanga, ambaye picha zake zilizunguka dunia, pale Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii hapa Dar es Salaam, aliingia kwanza kama mlinzi, akiwa na mjomba wake mchongaji wa kumshika mkono.

Sasa najua kuna baba hapa anajisemea: mimi nasukuma toroli Kariakoo, mwanangu atakaa pembeni ya nini? Kuna mama anakaanga mihogo. Ndugu zangu, kazi zetu zina sanaa kuliko tunavyokubali. Msusi anapogawa kichwa kwa kitana, ile mistari inayokwenda sambamba mpaka kisogoni ni uchoraji. Hata ule msuko wa twende kilioni. (Kicheko.) Fundi ujenzi anachora nyumba nzima mchangani kwa kijiti kabla ya tofali la kwanza. Anayepaka hina harusini anaanzia ncha ya kidole, hana mchoro wa kuiga, na ua linafika kiwiko bila kukosea. Makonda ndio usiseme.

Binti yangu, huyu wa pili, alianza ushairi kwa makonda. Sitanii. Alipokuwa bado hajaanza shule, kazi yake ilikuwa kuita vituo: "Magomeni, Manzese, Ubungo, Kimara!" Baadaye nikasikia vituo vimebadilika. Anaita, "Tandika, Temeke, Tandale, Tabata!" Nikamwambia, mwanangu, hilo basi halipo, abiria wako watazunguka mji mpaka wapate kizunguzungu. Akanijibu, "Mama, lakini linaimbika." Nikanyamaza. Alikuwa ameviacha vituo vya barabarani amechukua vituo vya sikio. Mwalimu wa Kiswahili angehitaji kipindi kizima kueleza hilo, na mtoto amelipata kwa kukaa dirishani ndani ya daladala.

Kwa hiyo baba wa toroli, usimfukuze. Mweleze unavyopanga mzigo usianguke. Atakuja kujenga kitu.

Nikitoka hapo nataka kukaa kidogo kwenye jambo moja, maana nadhani ndipo tunapowapoteza watoto wengi bila kujua, na wala hatuwapotezi kwa ukali.

Mtoto mdogo akishika kalamu huanza na michoro ya kuzungusha mkono tu. Halafu, kwenye miaka mitatu au minne, anatokea mtu. Ni kichwa chenye macho, na miguu miwili imetokea kidevuni. Hana tumbo. Watoto wa Mbagala wanachora hivyo, na watoto wa nchi nyingine nyingi wanachora hivyohivyo, hakuna aliyewafundisha. Baadaye tumbo linakuja, nyumba inakuja, jua linakaa kwenye pembe ya karatasi, na mama anakuwa mkubwa kuliko nyumba, jambo ambalo mimi binafsi sioni kosa lake. Wakati wote huo mtoto ana raha. Anachora haraka, anakupa, anasahau.

Kisha anafika miaka tisa, kumi, kumi na moja. Hapo macho yake yanakua kuliko mkono. Anaona wazi kwamba mbuzi aliyemchora hafanani na mbuzi. Zamani hakujali, sasa anajali. Ndipo kifutio kinaanza kumaliza karatasi. Ndipo mtoto anaweka kitabu chini ya karatasi ili apitishie mistari ya mtu mwingine. Ndipo unasikia neno "mimi sijui kuchora" kutoka kwa mtoto ambaye mwaka jana alijaza kuta zako. Watu wazima wengi tulioko hapa tukiambiwa tuchore mtu, tutachora mtu wa mtoto wa miaka kumi, kwa sababu ndipo tulipoachia kalamu.

Na mzazi hapo hufanya nini? Mzazi mwema, mpole, husema "Nzuri sana mwanangu!" Wazazi wenzangu, neno hilo halisaidii kitu. Mtoto ameona kwamba si nzuri. Ukimwambia nzuri, anabaki na mawili: ama mama haoni, ama mama hasemi kweli. Kwa vyovyote vile, kesho hatakuletea.

Binti yangu alikuwa darasa la nne. Alitaka kumchora bibi yake akikuna nazi. Mbuzi ya kukunia ikatoka vizuri, khanga ya bibi ikatoka, hata yale maua ya pindo. Mkono ukakataa. Akafuta, akachora, akafuta, mpaka karatasi ikatoboka pale kwenye mkono. Akalia. Akaja kwangu na karatasi yenye tundu.

Mimi katika kazi yangu nina wateja wa aina mbili. Kuna anayevaa gauni, anajitazama kwenye kioo, anasema "ahsante fundi, nzuri," anaondoka, humwoni tena. Na kuna anayesema, "Fundi, hapa kwapani panabana." Huyu wa pili ndiye aliyenifanya niwe fundi. Basi nikamwambia mtoto kama ninavyomwambia mteja: nionyeshe panapobana. Akatazama, machozi yakaanza kukauka, akasema, "Kidole gumba. Sijui kinatokea wapi." Lile jibu lina thamani. Kabla ya hapo alikuwa na picha mbaya nzima. Sasa ana kidole gumba tu.

Tukamwendea bibi. "Bibi, hebu kuna tena." Bibi akakuna. Mtoto akainama, akatazama gumba linavyobana kifuu kwa juu na vidole vingine vinavyokumbatia kwa chini. "Tena bibi, polepole." Bibi akakuna polepole. "Tena." Mwisho bibi akasema, "Nazi imekwisha zamani, mnanikunisha kifuu!" (Kicheko kirefu.) Wali wa siku ile ulikuwa na tui zito mpaka tukaona uvivu kunyanyuka. Mkono wa kwenye picha, niwe mkweli, haukukaa sawa siku ile, na haukukaa sawa wiki ile. Lakini kalamu hakuiachia.

Nawaomba mambo mawili tu katika umri huo. Usishike kalamu ya mtoto kumsahihishia, hata kama unajua. Ukitaka kumwonyesha, chukua karatasi yako. Na usimcheke mbele ya wageni. Huo utani wa "huyu ni mbuzi au ni meza?" mjomba anausahau mlangoni, mtoto anabaki nao.

Sasa simu. Najua hapa nitaudhi watu.

Kuna mtoto wa jirani ana sauti. Alikuwa anaimba akiosha vyombo, anabadilisha maneno, mara taarabu, mara kwaya, mara tangazo la dawa ya meno. Shangazi yake akamrekodi, akaweka mtandaoni, watu wakapenda, wakasambaza. Vizuri. Tangu hapo mtoto anaimba wimbo uleule, kwa mikono ileile, na akimaliza anauliza, "Wangapi wameangalia?" Vyombo sasa anaosha kimya. Sisemi msirekodi watoto wenu, na mimi ninazo picha za basi la mwendokasi kwenye simu. Nasema tusikimbilie jukwaani. Nyumbani ndipo mahali pekee mtoto anaweza kuimba vibaya na chakula akapewa. Akishapata watazamaji, ataacha kujaribu asichokiweza, na kujaribu asichokiweza ndiyo kazi yenyewe. Tunaambiwa samaki mkunje angali mbichi. Sawa, lakini siku hizi tunamkunja, tunamkaanga na kumuuza kabla hajamaliza kuogelea.

Upande wa pili wako wale wenye haraka ya kuzuia. "Itamlipa nini?" Baba mmoja aliniuliza hivyo wiki iliyopita, akiwa anasubiri suruali. Nikamjibu kwa mifano, na mifano ipo. Gado, yule mchora katuni, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969. Aliingia Chuo cha Ardhi kusomea usanifu wa majengo, akaacha, mwaka 1992 akaenda Nairobi kuchora kwenye gazeti la Nation, na marais wa Afrika Mashariki wamekuwa wakijitazama kwenye michoro yake kwa miaka mingi. Au tazameni mchiriku. Vile vinanda vidogo vya Casio, ambavyo kwingine mtoto hununuliwa vya kuchezea, huku kwetu uswahilini vijana waliviunganisha na spika zilizochoka wakatengeneza muziki mzima, wazazi wakakunja uso, na juu ya msingi huo baadaye ikapanda singeli, ambayo leo inapigwa mpaka Ulaya.

Lakini baba yule nilimwambia na upande mwingine, na ninyi nawaambia. Wengi wa watoto hawa waliopanga kazi zao pale mezani hawatakula kwa sanaa. Ndivyo ilivyo, na mzazi anayemwambia mtoto "wewe utakuwa staa" anambebesha mzigo kama yule anayemwambia "acha upuuzi". Kijana wangu wa mwendokasi sasa anasoma ufundi magari. Mabasi ya maboksi hatengenezi tena. Mimi sioni kama nilipata hasara ya kitambaa. Mwalimu wake anasema akipewa kitu kilichoharibika hukizungusha kwanza mkononi, anakitazama chini, kabla ya kuomba spana. Kama hilo lilitoka chini ya meza yangu, nimelipwa. Kama halikutoka huko, basi tulifurahi tu, na furaha ndani ya nyumba ya kupanga chumba na sebule nayo si haba.

Niwape mchezo mmoja wa kwetu, mkiupenda mwende nao. Umeme ukikatika, na simu chaji imekwisha, sisi tunatunga majina ya khanga. Mtoto anapewa karatasi, anachora mstatili, anazungusha pindo, anaweka mji katikati, halafu anatafuta jina la kuandika chini. Masharti ni magumu: liwe fupi, liwe na fumbo, na mtu asitukanwe waziwazi. Bibi yao ndiye jaji na hana huruma, amevaa khanga maisha yake yote, anajua jina likisinzia. Wakubwa huleta majina ya hekima, mapenzi, subira, bibi anayatupa. "Hilo nimelifunga kiunoni tangu sijaolewa," anasema. Huyu wa mwisho, mdogo kabisa, usiku mmoja jirani zetu walikuwa wanakaanga samaki, akainuka akasema lake: "Harufu umeisikia, mwaliko hujapata." (Kicheko na makofi.) Bibi alimpa ushindi bila kusikiliza wengine. Ningekuwa na kiwanda ningeichapa.

Wala mchezo kama huo si jambo la ajabu kwetu Waswahili. Shaaban Robert alikuwa karani serikalini, mtu wa ofisi, na bado aliwatungia wanawe tenzi za malezi, mmoja wa binti yake na mmoja wa mwanawe wa kiume. Nasaha ambazo sisi tunazitoa kwa kufoka, yeye alizitoa kwa vina. Sisemi kila baba hapa akatunge utenzi. Beti moja siku ya kuzaliwa mtoto, mbona unaweza. Isipokaa sawa mtacheka pamoja.

Kuhusu mahali pa kuwapeleka, sitawachosha. Kijiji cha Makumbusho tunacho hapa jirani, tunakipita kila siku tukienda stendi, na watoto wetu wengi hawajaingia. Mwenge wachongaji wa vinyago wamekaa wanachonga mpingo mchana kweupe, na kutazama hakulipiwi, ila mwambieni mtoto asishike patasi. Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ina sehemu ya watoto. Nauli ya kwenda na kurudi, na chupa ya maji kutoka nyumbani. Kaeni huko muda mrefu kuliko mnavyopenda, kwa sababu mtoto akisimama mbele ya mchongaji yeye hana haraka, mwenye haraka ni sisi.

Na sasa ombi la shule, ambalo Mwalimu Mkuu amenituma. Mtaala mpya una somo la Sanaa na Michezo. Somo lipo kwenye ratiba, vifaa ndivyo havitoshi, na watoto mnawaona walivyo wengi. Hatuombi fedha leo. (Makofi.) Mnapiga makofi haraka mno. Tunaomba mnavyotupa. Mafundi cherehani wenzangu, vile vipande tunavyochoma jioni, tuvilete. Mafundi rangi, mkebe uliobaki rangi kidogo chini, ufunikeni vizuri msiutupe. Maseremala, vipande vya hadibodi na mbao laini, vikwaruzwe visiwe na vibanzi. Wenye maduka, maboksi. Wanaofanya kazi maofisini, karatasi zilizochapwa upande mmoja, upande wa pili bado mzima. Misumari, vioo na nyembe hapana. Pipa limewekwa nje ya ofisi ya mwalimu wa taaluma, mnaweza kuleta siku yoyote kabla ya saa nane mchana, baada ya hapo geti linafungwa.

Nimemaliza, meza ziko wazi. Mkifika mbele ya kazi ya mtoto, msimuulize "hii ni nini?" Muulizeni alianzia wapi, kisha msubirini, wengine wanachelewa kujibu. Na tafadhali mmoja wenu aanzie meza ya mwisho, upande wa bomba. Kuna kijana wa darasa la tatu ametengeneza pantoni ya Kigamboni inayoelea na magari juu yake, lakini beseni linavuja na anatafuta mtu wa kumshikia.

Ahsanteni sana.